Kheni Iliyozibwa kwa Ubani

Shangazi Zuwena alikishika kile kifuko kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya nyuma ya friji. Khitma ya Bibi ilikuwa imeshapita, tulikuwa tunakusanya vitu vyake katika nyumba yetu ya Wattaya, hapa Muscat, na kila mtu alikuwa ameshapata chake: huyu bangili, yule chetezo cha fedha, mwingine vile vikombe vya kahawa ambavyo Bibi hakumruhusu mtu kuviosha ila yeye mwenyewe. Kifuko kilikuwa kimelazwa juu ya kabati la chumbani kwake, nyuma ya mito ya wageni, mahali ambapo baridi ya kiyoyozi inafika moja kwa moja.

"Haya, mwenye chombo cha mashetani," Shangazi akaniambia. "Chukua. Kwangu mimi hakiingii."

"Wala sikukuomba ukiingize, Shangazi."

"Ushaanza kujibu kama bibi yako."

Akacheka, kisha akalia, kisha akanikabidhi.

Nilipofungua kamba, harufu ilinifika kabla sijaona kitu. Ubani, ule mweupe aliokuwa akiupenda Bibi, na chini yake nta nyeusi yenye harufu ya moshi na asali iliyochacha. Sidhani kama kuna chombo kingine cha muziki duniani kinachonukia hivyo. Nikakaa palepale sakafuni katikati ya maboksi, nikawa tena mtoto wa miaka minane.

Chombo chenyewe kinaitwa kheni. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa watu ambao lugha yao ni Kilao. Ni mianzi myembamba iliyopangwa safu mbili, mirefu kuliko mkono wa mtu mzima, imepenyezwa kwenye kigogo kidogo cha mti mgumu ambacho unakikumbatia kwa viganja. Ndani ya kila mwanzi kuna ulimi wa shaba, mwembamba kama ganda la kitunguu. Pale mianzi inapoingia kwenye kigogo pamezibwa kwa nta ili pumzi isivuje. Ukipuliza inalia, na ukivuta pumzi inalia vilevile. Ndiyo ajabu yake. Haina haja ya kunyamaza ili mpigaji apumue.

Aliyeileta Muscat alikuwa mke wa baba yangu.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa sijajua kusema vizuri, na nililelewa na Bibi, mama yake Baba. Baba alifanya kazi ndani huko jangwani, kwenye visima vya mafuta, wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Babu alipougua moyo, Baba alimpeleka Bangkok kutibiwa, kama wafanyavyo watu wengi wa kwetu. Karibu na hospitali palikuwa na mkahawa wa chakula cha halali, na mwanamke aliyekuwa akipika hapo ndiye aliyemtengenezea Babu uji wa mchele wakati ambapo kila kitu kingine kilikataa kukaa tumboni mwake. Babu alirudi Muscat, akafariki kitandani kwake kwa utulivu. Baba akaenda tena Bangkok, safari hiyo bila mgonjwa, na akarudi na mke.

Jina lake la Kiislamu lilikuwa Maryam. Jina la kwao lilikuwa Nok, maana yake ndege. Bibi, ambaye aliondoka Unguja msichana na maisha yake yote hakukubali kwamba ameondoka, alisema majina yote mawili mazuri, lakini katika ukoo wetu kina Maryam wametosha. Basi akawa Mama Nok.

Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya maduka makubwa ya magari. Kutoka dirisha la chumbani kwangu niliyaona magari mapya yamepangwa, yameoshwa, yanang'aa, na hakuna mtu ndani yake. Mtaa haukuwa na watoto wa rika langu. Shuleni nilikuwa na wenzangu wa kukaa nao lakini sikuwa na wa kuzungumza naye. Nilikuwa mtoto anayechana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, na mwalimu akinisifu kwa bidii. Haikuwa bidii. Nilikuwa naogopa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini nilibaki bila mama. Waliniambia ni amri ya Mungu, na mimi nikaitafutia amri hiyo sababu. Nikaamua kwamba kuna kitu nilikosea nikiwa mdogo mno kukikumbuka. Kwa hiyo Mama Nok alipoingia nyumbani na sanduku lake dogo na kifuko chake kirefu cha pamba, nilijiapia kwamba kwa huyu sitakosea hata kidogo, ili asiondoke.

Hakuwa mtu wa kuogopesha. Kiswahili alijifunza jikoni kwa Bibi, kwa hiyo alikuwa nacho kile cha kizee cha Unguja. "Mie nnachoka, mwanangu, viungo vyote vyaniuma," alikuwa akisema, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kwa sauti ya ajuza wa Mji Mkongwe, na Baba akicheka hadi anakohoa. Mimi aliniita Laa, jina ambalo kwao anaitwa mtoto wa mwisho, kipenzi. Sikumwambia kwamba mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho. Nilipenda tu kuitwa.

Siku ya Ijumaa, baada ya wali kuliwa na Bibi kulala, Mama Nok alikuwa akienda nyuma ya jiko, kwenye kivuli chembamba kati ya ukuta na mashine ya kufulia. Anakaa kwenye kigoda. Anaitoa kheni, anaipuliza mara moja tu, pumzi moja ndefu, sauti nyingi zikitoka pamoja kama mlango mkubwa unaofunguliwa. Anasikiliza mpaka inaisha. Kisha anailaza mapajani, anafumba macho, na kuimba.

Kuimba kwenyewe kulianza na mlio mrefu ulioshuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Halafu maneno yalikuja mengi, ya haraka. Lugha ya kwao hata katika mazungumzo inapanda na kushuka, kwa hiyo hukuweza kujua kusema kumeishia wapi na kuimba kumeanzia wapi. Ghafla, katikati, alikuwa akinyamaza. Si kwa kupumua, ananyamaza kabisa. Mkono wake unaipapasa mianzi. Unasikika muungurumo wa kiyoyozi, honi moja barabarani, maji yanayodondoka kwenye ndoo. Baada ya hapo anaendelea, kama vile hapakutokea kitu.

Bibi alikuwa akiamka. "Anamlilia nani huyu?"

"Halii, Bibi. Anaimba."

"Kuna kuimba huku? Mbona hakuna wa kumwitikia?"

Shangazi Zuwena, ambaye alikuwa akija kila Ijumaa na maoni yake, alikuwa na jibu tayari. "Mama, huyo ana jini. Jini la Kisiamu, la huko kwao. Na hicho chombo ndicho kiti chake."

"Jini gani hilo," Bibi akasema, "linaloosha vyombo vyote kwanza ndipo lipande?"

Mimi nilikuwa na tafsiri yangu, na sikumwambia mtu. Niliamini Mama Nok amesahau maneno. Niliamini kwamba pale anaponyamaza ndipo pana kipande kilichompotea, na kila Ijumaa anakaa pale nyuma kujaribu kukikumbuka. Siku akikikumbuka chote, wimbo utakuwa umetimia, na mtu aliyetimiza jambo lake anafunga sanduku na kwenda kwao. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa jiko nimebana pumzi, nikingoja ule ukimya. Ukija, nafurahi. Amesahau tena. Tuna wiki nyingine.

Kwa upande wa kheni, nilianza kuipuliza Mama Nok na Bibi wakienda sokoni Matrah kununua samaki. Kwanza nilitaka tu kujua kilichomo ndani. Nikaziba tundu moja la mwanzi kwa kidole, nikapuliza, ikalia. Nikastuka, nikavuta pumzi kwa hofu, ikalia tena. Kwa mtoto niliyekuwa mimi, ambaye kila kitu kwake kilikuwa na mahali pa kukosea, chombo kile kilikuwa faraja kubwa. Hata hofu yake ilikuwa na sauti nzuri. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa namsikia Mama Nok akikatakata vitunguu huku akiiga mlio wa kheni kwa ulimi, sauti fulani fupi yenye kurudia, na ile ndiyo niliyoitafuta, tundu kwa tundu. Nikikosea naanza mwanzo. Nikikosea tena naanza mwanzo. Ikawa naujua mwanzo vizuri sana, na mwisho siujui kabisa. Mpaka leo ndivyo nilivyo.

Kisha ukaja msimu wa joto, lile la Muscat ambalo hata bomba la maji baridi linatoa maji ya kuchemka. Ijumaa moja Shangazi Zuwena alikuja mapema kusoma Yasin nyumbani, na hakutaka malaika wakute kiti cha jini sebuleni. Akakichukua kifuko, akapanda nacho juu ya paa, lile Bibi aliloliita dari, akakiweka kwenye kibanda cha matangi. Hakuwa na nia mbaya. Alisahau kumwambia mtu, akaenda zake, na kheni ikashinda na kulala kule juu, Mama Nok akiitafuta nyumba nzima.

Mama Nok aliipata siku ya pili yake. Ile nta nyeusi ilikuwa imeyeyuka, imechuruzika kwenye mianzi na kuganda kama kamasi. Alipopuliza, pumzi ilipita pembeni, ikatoka sauti ya mtu mwenye pumu. Hakugomba. Aliifuta kwa kanga, akairudisha kifukoni, akaenda kukaanga samaki. Ijumaa iliyofuata baada ya chakula aliosha vyombo, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Katika hesabu zangu, aliyeacha kutafuta ni yule aliyekwisha kupata.

Bibi naye aliuona ule mlango. Hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno, hasa kwa makosa ya mwanawe, lakini Jumamosi asubuhi alivaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda Matrah mpaka kwa muuza asali, mzee mmoja ndani ya vile vichochoro vyenye harufu ya viatu vipya na uvumba. Akataka nta. Mzee akampa bonge la njano. Tuliporudi, Bibi akaliyeyusha kwenye sufuria ndogo na kulijaribu kwa kidole. Laini mno. Kwa joto letu lisingekaa hata mpaka Magharibi.

"Kwenu mnatumia nta ya aina gani?" akamuuliza Mama Nok.

"Ya nyuki wadogo, Bibi. Weusi, hawang'ati. Huku hawako."

Bibi alifikiri kidogo. Kwa Bibi ubani ulikuwa dawa ya kila kitu: ulitafunwa, ulifukizwa, ulilowekwa maji ya kunywa, ulibandikwa kwenye jipu. Akatoa kopo lake, akachagua matone meupe ya ubani yaliyoganda, akayatafuna mpaka yakalainika kama pipi ya kutafuna, akayakanda na ile nta ya njano na mabaki ya nyeusi aliyoyakwangua kwa kisu.

"Bibi," Mama Nok akasema pole pole, "ubani utakauka. Utapasuka."

"Ukipasuka ntatafuna mwingine. Meno ninayo."

Alikuwa nayo manne. Tukakaa sote watatu sakafuni jikoni, Bibi akitafuna, Mama Nok akiziba mianzi kwa kidole gumba, mimi nikishika kigogo kisitikisike. Sijui ujasiri niliupata wapi. Labda kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama.

"Mama Nok, umeyakumbuka yale maneno?"

"Maneno yepi, Laa?"

"Unayoyasahau. Pale unaponyamaza. Ukiyakumbuka yote utaondoka?"

Alinitazama, akaitazama kheni, akacheka mpaka akajishika tumbo, mpaka Bibi naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Kisha akatueleza. Huko kwao, alisema, wimbo ule si wa mtu mmoja. Wanakaa wawili, mwanamume na mwanamke, na wa tatu anapiga kheni. Mwanamke anauliza kwa mashairi: wewe umetoka wapi, umekula nini njiani, unaye mtu au huna. Anaacha nafasi. Kheni inaendelea peke yake ili mwenzake apate kufikiri, halafu mwanamume anajibu kwa mashairi naye, na kumrudishia swali. Wanaweza kwenda hivyo mpaka kunakucha. Baba yake alikuwa mpigaji, na kheni ile ilikuwa yake. Yeye Mama Nok alifundishwa kuimba tu, maana kwao wanawake huimba na wanaume hupuliza.

"Hapa hayupo wa kujibu," akasema. "Kheni nayo haina mtu. Basi mie nnauliza, nnangoja kidogo, halafu nnaendelea."

Bibi aliacha kutafuna. "Ala! Kumbe ni majibizano! Sisi tunayo haya! Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Hamkuniuliza, Bibi."

Kheni ikapona, kwa kiasi. Mianzi miwili haikulia tena. Iliyobaki ililia kwa sauti nzito zaidi, na kwa kuwa unavuta pumzi kupitia humo humo, kila ukivuta unaingiza ubani kifuani, kama uko kwenye maulidi. Mama Nok alirudi nyuma ya jiko. Sasa nilijua ule ukimya ni wa nini. Nilijua kwamba pale pana nafasi ya mtu, na kwamba katika nyumba nzima ni mimi peke yangu ninayeweza kuijaza walau kwa ile sauti fupi niliyojifunza. Nikaamua nitaijaza. Nikishaijua vizuri. Ijumaa ikaja, ukimya ukaja, nikasema bado, ile sehemu ya mwisho haijanyooka. Ijumaa nyingine, bado.

Simu ilipigwa mchana mmoja, Baba akiwa jangwani. Mama yake Mama Nok alikuwa ameanguka na upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Kaka zake wako kazini mbali, na hakuna binti mwingine. Baba alikuja mapema kuliko zamu yake, tiketi ikakatwa. "Mwezi mmoja," walisema watu wazima, kwa ile sauti wanayotumia watu wazima.

Ijumaa kabla ya safari alienda nyuma ya jiko kama kawaida. Nikasimama nyuma ya mlango kama kawaida. Akapuliza, akailaza, akaimba. Ukimya ulipofika, hakufumbua macho. Alinyoosha mikono miwili yenye kheni kuelekea mlangoni.

"Njoo, Laa."

Sikutoka.

"Njoo. Mie nnajua. Kila nikirudi sokoni nnaikuta ina mate ya peremende."

Nikatoka, masikio yananiwaka moto. Nikaishika. Nikapuliza ile sauti niliyojifunza, nikaziba tundu silo. Ikatoka sauti ya bata. Nikaishusha mdomoni nianze upya.

"Usirudi," akasema. "Kheni hairudi nyuma. Vuta pumzi, endelea."

"Nimekosea."

"Nimesikia. Vuta pumzi."

Nikavuta, na kule kuvuta kukalia, na nikiwa katikati ya sauti sikuwa na njia ila kwenda mbele. Sijui nilipiga nini. Najua kwamba nilifika mahali ambapo sijawahi kufika, na yeye akaingia juu yangu na maneno yake, kwa upole, kama mtu anayekaa pembeni ya kitanda. Akauliza, akanyamaza. Nikapuliza. Na dirisha la chumba cha Bibi, ambaye tulidhani amelala, likafunguka, na sauti ya kizee yenye mikwaruzo ikatoka kwa mahadhi ya kwetu, ya zamani:

*Ewe ndege wa safari, chukua na neno langu,*
*ukifika kwenu heri, kumbuka na dari yangu.*

"Dari iliyotuyeyushia nta!" Mama Nok akapiga kelele.

"Ndiyo hiyo hiyo, usiisahau!" Bibi akajibu. "Haya, rudisha! Zamu yako!"

Nilikuwa sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sina hakika kama nimewahi kuwa nayo baadaye.

Siku ya kuondoka, mlangoni, gari linaunguruma, alinipa kifuko. "Kaa nayo wewe. Kwetu ziko nyingi. Hii ikifika huko wataniuliza nimeisilimisha lini, inanukia msikiti."

Nyumbani kwetu palikuwa na imani moja, na Bibi ndiye aliyekuwa akiisema: anayeacha kitu chake ndani ya nyumba hajaondoka, atakirudia. Wageni wa kutoka Unguja walikuwa wakiambiwa waache kanga au kitana. Kwa hiyo mimi sikulia. Nilimtazama Bibi nikitabasamu, nikitegemea athibitishe, na Bibi alikuwa anashughulika na mtandio wake ambao haukuwa na tatizo lolote. Nilipunga mkono mpaka gari likapinda kwenye maduka ya magari. Mtoto mwenye furaha kabisa, nimekumbatia dhamana yangu.

Hakurudi. Mama yake aliishi miaka mingi akihitaji kugeuzwa na kulishwa, kisha palikuwa na shamba, kisha watoto wa kaka. Baba na yeye waliachana bila ugomvi, kwa simu, watu wawili waliochoka kuahidiana. Mimi nilikuwa naipiga kheni kila siku ili akirudi aikute tayari. Nilijifunza zaidi kwa kutazama video, nikisimamisha na kurudisha vidole vya watu nisiowajua. Nilikuwa na umri wa kuvaa buibui ndipo nilipoelewa kwamba hakuiacha kama dhamana ya kurudi. Aliiacha kwa sababu alijua harudi, na hakutaka ile nafasi ibaki tupu.

Siku za Idi alikuwa akimpigia Bibi. Walikuwa wakipiga kelele, wakicheka, wakitumiana mashairi kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja kwa lugha yake, na mimi nikipewa simu maneno yote yalinikauka. "Alhamdulillahi, mzima. Na wewe? Alhamdulillahi." Nilikuwa nataka kumpa kitu kilichokamilika. Nilipoanza kazi na kuhamia Azaiba, upande mwingine wa Muscat, nilirekodi kheni mara nyingi nimtumie, na kila mara nilifuta. Hapa pumzi imekatika, hapa kidole kimechelewa. Na kheni yenyewe haikuwa kwangu. Bibi alinikatalia kuihamisha. "Iache hapahapa," alisema, "ndiyo itakayokurudisha." Na kweli nilikuwa narudi Wattaya kila Ijumaa. Ilinifanyia kazi mimi, imani ile.

Sasa Bibi hayupo, na kheni iko Azaiba.

Nilimuuliza Baba kama Mama Nok ameambiwa. "Mwambie wewe," akasema. "Wewe ndiye mtoto wake."

Niliandika, nikafuta. Nilisema kwa sauti, nikafuta. Kuna maneno ya kumpa mtu habari ya msiba, tumeyarithi, hayana kasoro, na kila nilipoyasema yalisikika kama ya mtu mwingine. Wiki ikapita, na huko mbali yupo mtu ambaye kwake Bibi alikuwa bado hai na bado ana zamu ya kujibu. Hilo ndilo lililonishinda kuvumilia.

Leo, baada ya Alasiri, nilikaa chini karibu na mashine ya kufulia, maana ndiyo kona pekee ya nyumba hii inayofanana na ile. Nikaitoa kheni. Ubani umepasuka kama alivyosema Mama Nok, lakini umeshika. Nikabonyeza kurekodi, nikasema: "Mama Nok, ni mimi, Laa. Bibi ametutoka." Nikapuliza. Nikaziba tundu silo, na ikatoka sauti ya bata, ileile, kana kwamba ilikuwa ikingoja humo ndani miaka yote. Nikavuta pumzi. Kifua kikajaa harufu ya Bibi. Nikaendelea. Nilipomaliza nilichokuwa nacho, sikuzima. Niliacha simu irekodi kiyoyozi cha jirani na magari ya barabara kuu, muda ule ule aliokuwa akiuacha yeye. Kisha nikatuma kabla sijasikiliza.

Huko kwao ni jioni sasa. Amesikia, alama za ujumbe zimegeuka rangi. Nimekaa na simu mapajani, juu ya kheni, na naona pale chini ya jina lake imeandikwa kwamba anarekodi. Ikapotea. Ikaja tena. Ikapotea.

"Usifute," nimesema kwa sauti, peke yangu, kwa mashine ya kufulia. "Vuta pumzi."

Imekuja tena.